Bondo

Pale Luchelele, nyuma ya mawe matatu yaliyobebana,
kuna kighuba ambacho upepo hukisahau.
Maji yanaanza kifundoni, yanapanda gotini
taratibu, kama mgeni aliyebisha hodi mara tatu
na bado amesimama mlangoni.
Minza alipachagua kwa ajili yangu.
"Hapa hata mtoto hapotei," alisema.
"Na mtu wa miaka hamsini na mbili?"
"Huyo ndiye mwenye kelele zaidi."

Nilimwambia ukweli: samaki nawajua.
Miaka kumi na tisa kiwandani Igogo,
buti nyeupe, barafu, kisu cha inchi nane,
sangara mmoja kwa sekunde arobaini:
minofu huku, mapanki kule,
na bondo pembeni, kwenye beseni la msimamizi,
maana bondo lina bei kuliko mwenyewe aliyelibeba.
Nimeyatoa maelfu. Sikuwahi kuuliza
lilikuwa na kazi gani humo ndani.

Akanivika mtungi, mkanda wa risasi
(si za bunduki, ni za kukuzamisha),
na koti linalojaa hewa ukibonyeza kidole.
"Usibane pumzi. Sheria ni hiyo moja.
Nyingine nitakutajia ukishaizoea hii."

Mara ya kwanza niliibuka nakohoa.
Mara ya pili nilikumbuka sijazima jiko.
Mara ya tatu nikabaki.

Maji ya kwetu si kioo, nisikudanganye.
Ni kijani cha chupa ya soda,
unaona pima moja na nusu, basi.
Lakini pima moja na nusu inatosha
kumkuta gogogo akipapasa mchanga kwa sharubu,
kaa mdogo akiingia nyumbani kinyumenyume,
vijisato vikizunguka kama watoto wasio na shule,
na furu, jamani, furu!
Mmoja buluu, mmoja tumbo la ndimu mbivu,
mmoja mgongo umewaka kama kaa la moto,
kila mmoja na jiwe lake, na ugomvi wake.
Na mimi miaka yote nilidhani furu ni chambo.

Minza aliandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki:
MAMA. Akanyoosha kidole.

Alikuwa wa kijivu, hana rangi ya kumgeuzia shingo,
mashavu yamevimba kama mtu anayetunza siri.
Akafungua mdomo. Wakatoka
vitone vyenye macho, ishirini, thelathini,
wakatapakaa mbele ya uso wake kama chenji iliyodondoka.
Kisha kivuli cha mkono wangu,
mkono huuhuu wa kisu, kikapita juu yao,
na wote wakarudi mdomoni mbio,
mlango ukafungwa.

Niliuficha mkono mgongoni.
Sijui nilikuwa namficha nani.

Hapo ndipo nilipoanza kuzama, kidogo kidogo,
magoti yakitafuta tope,
na Minza akabonyeza kidude begani kwangu:
hewa ikaingia kotini, kidogo tu,
kiasi cha kupuliza mshumaa.
Nikasimama katikati ya maji.
Sikupanda, sikushuka.
Uzito wangu wote, na wa marehemu, na wa kodi ya nyumba,
ukaning'inia mahali pasipo na msumari.
Kumbe ni hili, nikasema ndani ya bomba,
na maneno yakapanda juu yakiwa mapovu.

Ufukweni alinirushia taulo.
"Jikaushe upesi. Baada ya wiki sita tukapime kichocho."
Hayo nayo ni ziwa.

Jumatatu, sangara wa kwanza alikuwa mzito.
Minofu huku, mapanki kule.
Bondo likabaki kiganjani, jeupe, limelowa,
bado limeshika pumzi ya mwenyewe.
Msimamizi akauliza natazama nini.
Nikamwambia, hakuna,
nikaliweka kwenye beseni.

Sekunde arobaini na tatu.